Sakafu Ilikuwa Kavu

Bibi alianguka asubuhi kweupe, chai imeshanywewa na vikombe vimeshaoshwa. Alikuwa ametoka chumbani kwenda kuanua shuka lake kambani. Akafika katikati ya ua, akasimama kama mtu aliyeitwa, akageuza shingo kidogo, kisha akashuka chini mzimamzima. Hakupiga hata yowe.

Aliyemwona ni mkwewe peke yake. Mkwe alikuwa kwenye pembe ya nyuma ya ua, karibu na tangi la maji, akikoroga sabuni yake ya maji ndani ya pipa la buluu. Wateja walimwita Mama Povu, na jina lilimkaa hata mumewe alikuwa akilitumia akitaka kumchokoza. Sabuni ilikuwa kazi yake na alikuwa na masharti nayo: pipa halisogei kutoka ile pembe, chini pametandikwa magunia, na akimaliza anamwaga mchanga juu ya kila tone lililodondoka. Kwa miaka yote aliyokoroga, hakuna aliyewahi kuteleza, si mtoto wala kuku.

Alipiga kelele, akatupa mwiko, akakimbia. Jirani wa chumba cha pili, Bi Kicheko, akatoka mbio na jagi la maji na kummwagia Bibi lote kichwani. Bi Kicheko alikuwa shoga wa Bibi, mwanamke wa kucheka hata kwenye misiba, lakini siku hiyo hakucheka. Bibi akafumbua macho, akawatazama wote wawili kama wageni, akauliza, "Nani kanimwagia maji?"

Watu wa nyumba ile hawakuwa wabaya. Naomba hilo lieleweke mapema, maana mbele ya safari msomaji atatamani kuwachapa makofi. Mume wa Mama Povu, fundi rangi, aliitwa kutoka kazini akaja anahema, rangi nyeupe imemkauka kwenye nyusi. Alichokikuta ni hiki: mama yake ameketi chini amelowa, nyonga imemvimba, sakafu ya saruji imelowa chapachapa, mwiko wenye sabuni umelala katikati ya ua, na mkewe mikono inateleza povu mpaka viwikoni. Mtu yeyote mwenye macho angefikia pale pale alipofikia yeye.

"Umemwaga sabuni njiani," alisema.

"Sikumwaga. Palikuwa pakavu, baba watoto. Pakavu kabisa."

Akayatazama maji yaliyokuwa yakitiririka kati ya miguu yao, akatikisa kichwa.

*

Kabla ya adhuhuri wifi mtu akawa ameshafika. Alikuwa dada mkubwa wa fundi rangi, mwenye duka la vitambaa, mwenye sauti, na mwenye desturi ya kulipia mambo kisha kuyasimamia. Wiki iliyotangulia alikuja kumwona mama yake, akashinda naye kitandani siku nzima, akipenga mafua na kuyalaumu mavumbi ya barabarani. Sasa mafua yalikuwa yamekwisha na amebaki na sauti tu.

"Mimi nilisema zamani," alianza hata kabla ya kukaa. "Nilisema sabuni na wazee havikai ua mmoja. Nikaonekana nina gubu."

"Wifi, nakorogea kule nyuma," alisema Mama Povu. "Mama ameanguka hapa. Hapa hapakuwa na tone."

"Mumeo amekuta pamelowa!"

"Hayo ni maji ya Bi Kicheko. Alimmwagia mama azinduke."

"Azinduke kutoka wapi? Mtu aliyeteleza anazinduka kutoka wapi?"

Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika nyumba ile. Laiti mtu mmoja angelijibu badala ya kulikasirikia, hadithi hii ingeishia hapa. Lakini wifi aliliuliza kwa kejeli, na kejeli haingoji jibu.

Bibi alikuwa amelazwa kwenye kochi, mto chini ya nyonga. "Jamani, mwacheni mtoto wa watu," alisema kwa sauti ya chini. "Sikumbuki kuteleza. Masikio yalivuma tu, halafu miguu ikaniaga."

"Mama, umejigonga kichwa. Utakumbuka nini?"

"Sijajigonga kichwa."

"Ndiyo hayo. Hata hukumbuki kama umejigonga."

Wifi alikuwa na gari la kukodi nje, linangoja, na yeye ndiye angelipia hospitali. Hakusema kwamba hatalipa. Alikaa tu kwenye kiti, mkoba mapajani, akitazama ukutani. Fundi rangi aliujua mkao ule tangu utotoni. Akamvuta mkewe chumbani, akarudisha mlango.

"Omba radhi yaishe."

"Niombe radhi ya nini?"

"Mama anaumia pale, na wewe unabishana na dada. Omba radhi, twende hospitali. Maneno mawili tu, mke wangu. Maneno hayakuchomi."

"Na kama kuna kitu kinamsumbua mama? Mimi nilimwona. Hakuteleza, alishuka chini kama nguo iliyochomoka kambani. Mtu akiteleza hutapatapa, hushika hewa. Yeye hakushika kitu."

"Hospitali watajua wenyewe. Ndiyo kazi yao."

Akapiga moyo konde, akatoka. Alipiga magoti mbele ya wifi yake, mbele ya wanawe, na mbele ya Bi Kicheko aliyekuwa amesimama mlangoni na jagi lake tupu. "Nisameheni," alisema. "Nilimwaga sabuni, sikuona." Uso ulimwaka moto. Bibi alimtazama kwa huruma, akanyoosha mkono kumshika bega, na mkono haukufika.

"Haya, yamekwisha," alisema wifi, na kweli akainuka na furaha, maana hakuwa mtu wa kuweka kinyongo akishashinda. "Mnyanyueni mama taratibu."

*

Hospitali ilijaa. Bibi aliwekwa kwenye kitanda cha magurudumu, akasukumwa kwenda kupigwa picha ya nyonga, na wao wakabaki mbele ya meza ya daktari kijana ambaye macho yake yalionyesha hajalala vya kutosha tangu juzi.

"Imekuwaje?"

"Ameteleza," alisema wifi.

"Hakuzimia? Hakulalamika kizunguzungu kabla ya kuanguka?"

Mama Povu alisogea mezani. Swali lilikuwa limekuja lenyewe, likakaa mezani, linamngoja. Akafungua mdomo.

"Huyu hapa ndiye aliyemwaga sabuni," wifi akamwahi, akimwonyesha kwa kidevu. "Mwenyewe amekiri na ameomba msamaha. Muulize."

Daktari akamgeukia. "Ni kweli, mama? Aliteleza?"

Mumewe alikuwa nyuma yake. Hakumwona uso, lakini alimsikia akivuta pumzi na kuizuia. Akafikiria magoti yake yalivyopiga sakafu mbele ya watoto. Kama angesema hapana sasa, basi angekuwa amesema uongo nyumbani, na gari lilikodiwa na wifi, na picha ilikuwa inalipwa na wifi.

"Ni kweli," alisema.

"Homa? Kikohozi?"

"Hana," walisema wote watatu, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Picha ikarudi safi. Hakuna mfupa uliovunjika wala uliopata ufa. Daktari akaandika dawa za maumivu, akawaambia Bibi apumzike. Kisha akaongeza, kwa upole kabisa, "Kausheni sakafu. Mzee na sakafu yenye maji ni hatari." Watu wote wakamtazama Mama Povu, hata mgonjwa wa meza ya pili.

Jioni ile fundi rangi alilivuta pipa la buluu mpaka kwenye mfereji wa mbele ya nyumba, akalipindua kwa mikono yake. Sabuni ya mzigo mzima wa wiki ikateremka mfereji, povu likapanda, watoto wa mtaa wakalikimbilia wakishangilia na kujipaka ndevu nyeupe. Mama Povu alisimama kizingitini akitazama jasho lake likichezewa.

"Niachie japo chupa moja ya kunawia," alisema.

"Hata tone sitaki kuliona ndani ya nyumba hii. Dada akija akaikuta, itakuwa mimi sasa wa kugombezwa."

Alisema hivyo kwa aibu zaidi kuliko hasira. Chupa zilizokuwa zimeshajazwa nazo zikafuata pipa, moja baada ya nyingine.

*

Baada ya siku chache Bibi alianguka tena, na safari hii aliangukia mikononi mwa mkwewe.

Alikuwa ameketi kwenye kiti chumbani, Mama Povu anamfunga kitambaa kichwani. Wakacheka kidogo, maana Bibi alisema kitambaa kile kinamfanya afanane na marehemu mumewe. Katikati ya kicheko macho yakampanda juu, shingo ikalegea, na mwili wote ukamwelemea mkwewe kifuani. Wakashuka pamoja mpaka kwenye mkeka. Mama Povu akaupapasa mkeka kwa kiganja, wote, mpaka ukingoni, kama mtu anayetafuta sindano. Ulikuwa mkavu.

Bibi alipozinduka alimshika mkono. "Unaona?" alinong'ona. "Si ndivyo nilivyowaambia?"

"Naona, mama."

"Basi usiwaambie. Watakugombeza tena."

Alimwambia mumewe hata hivyo, mara tu alipovua viatu. Fundi rangi alisikiliza huku akikwangua rangi kwenye kucha.

"Ni ule mguu," alisema. "Umemlegea tangu siku ile."

"Alikuwa amekaa, baba watoto! Mguu unamwangushaje mtu aliyekaa?"

"Tena usianze."

Hakuwa mjinga yule mwanamume. Lakini kama mkewe alikuwa amesema kweli, basi yeye ndiye aliyempigisha magoti bure, na yeye ndiye aliyemwaga riziki ya nyumba mferejini bure, na mama yake alikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekijua. Hayo yalikuwa mazito matatu kwa mpigo, na mguu ulikuwa mwepesi kuliko yote. Akaushikilia mguu.

Bi Kicheko alikuja kila siku kumkalia mgonjwa. Alikaa naye kitandani, bega kwa bega, akamnywesha uji, akiuonja kwanza kwa kijiko kile kile kama una moto. "Ukifa wewe nitamsengenya nani?" alimwambia, na Bibi akacheka mpaka akapaliwa. Kule kupaliwa hakukwisha. Kuligeuka kikohozi, kikohozi kikaleta homa, na homa ikaja na pumzi fupifupi, mabega yakipanda na kushuka kama mtu anayepanda mlima akiwa amelala.

Ule ugonjwa wa kifua ulikuwa ukitajwa redioni kila baada ya taarifa ya habari, na kila mtu mtaani alijua kwamba unaanza kwa homa na kikohozi. Ndiyo maana hakuna aliyeufikiria mpaka homa na kikohozi vilipokuja.

*

Daktari wa safari ya pili alikuwa mama mtu mzima, amefunika pua na mdomo, macho yake ndiyo yaliyokuwa yakizungumza. Bibi alikuwa upande wa pili wa pazia, amewekewa mpira wa hewa puani.

"Ilianza lini?"

"Kikohozi ni juzi," alisema fundi rangi.

"Kabla ya kikohozi? Hata jambo dogo."

"Hakuna. Aliteleza tu akaumia mguu."

"Alizimia," alisema Mama Povu. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Alizimia mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa namtazama, mara ya pili nilikuwa nimemshika. Hakuwahi kuteleza."

Daktari aliacha kuandika. "Mbona hapa imeandikwa aliteleza kwenye sabuni?"

Fundi rangi alijitazama viatu. Wifi, ambaye alikuwa amelia njia nzima, akaanza upya.

"Kwa wazee wakati mwingine huanza hivyo," alisema daktari. "Kirusi kinaingia, na hakuna homa, hakuna kikohozi. Mtu anaanguka tu. Anazimia, anazinduka, watu wanatazama mfupa. Tungejua kwamba alizimia, tungempima siku ile ile."

"Angepona?" aliuliza fundi rangi.

Daktari alifikiri kabla ya kusema, na kwa hilo nampa heshima. "Sijui. Pengine asingepona. Lakini angekuwa amewahi."

Bibi alikata roho kesho yake, asubuhi kama saa ile ile aliyoangukia uani. Kipimo kilikuwa kimeshathibitisha ule ugonjwa wa kifua. Daktari aliwaita, akawapa pole, akawaeleza wakae ndani, wasipeane mikono na watu, wanawe kwa sabuni kila mara, na wamwambie kila aliyekaa na marehemu aje apimwe. "Nyumbani kuna sabuni?" aliuliza. Mama Povu alicheka, kicheko kibaya kilichomshtua hata yeye, kisha akalia.

*

Waliyapanga ndani ya gari alilokodi wifi, kioo kimepandishwa, dereva amesogea kando.

"Tuseme aliteleza," alisema fundi rangi.

Mkewe akamgeukia polepole.

"Nisikilize kwanza. Tukisema ule ugonjwa, hakuna atakayekanyaga msibani. Mama yangu azikwe kama mbwa? Mwenye ile nyumba ninayopaka atanifukuza leo hii. Wewe hukorogi tena, mimi nikifukuzwa tutakula nini? Na mwenye nyumba wetu je?"

"Na wale waliokaa naye? Bi Kicheko?"

"Bi Kicheko mzima wa afya, anacheka kutwa. Tutamchungulia."

"Kwani si kweli aliteleza?" alisema wifi kwa sauti ya mtoto, akijifuta pua. "Mwanzo kabisa. Si wewe mwenyewe ulisema?"

Mama Povu akageuzia uso dirishani. Alikuwa amesema. Alikuwa amesema nyumbani kwa magoti na hospitali kwa miguu yake miwili, na maneno yale sasa yalikuwa mali ya familia, yanatumika kama sufuria ya shughuli. Alichoka kuliko alivyowahi kuchoka maishani. Alimpenda yule mzee. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo.

Msiba ukajaa. Watu wakaketi uani kwenye mikeka, kutoka mlangoni mpaka kule nyuma palipokuwa na pipa. Wakapeana mikono, wakakumbatiana, wakaliliana mabegani. Wakati wa chakula beseni la kunawia likazungushwa, maji matupu, watu ishirini kwa beseni moja.

"Nyumba ya Mama Povu haina sabuni?" mtu mmoja alitania, na mwenzake akamkanyaga mguu.

Wanawake walimjia mmoja mmoja. "Pole sana. Ajali haina kinga. Lakini, mwenzangu, ungekuwa unaukausha huu ua." Na yeye akajibu kila mmoja, "Kweli, ningekausha." Alijibu hivyo mpaka maneno yakapoteza ladha mdomoni. Mumewe alikuwa upande wa wanaume, na kila alipolisikia jibu lile aliinamisha kichwa, ila hakuinuka.

Bi Kicheko alikuwa ameketi jikoni tangu asubuhi. Hakula. Alisema hana njaa, kichwa chepesi, ni uchungu tu wa shoga yake. Mama Povu alimtazama mara mbili tatu, akanyanyuka kumfuata, akaitwa kupakua, akarudi kwenye masufuria. Alikuwa ameshaamua kwamba watu wakitawanyika tu atamwambia, liwe liwalo.

Hakupata nafasi. Bi Kicheko alitoka jikoni kwenda kuaga, akafika katikati ya ua, akasimama kama mtu aliyeitwa. Kisha akashuka chini.

"Ameteleza!" watu walipaza sauti kwa pamoja. "Jamani, ameteleza tena mtu hapa hapa!"

Mama Povu alikuwa karibu kuliko wote. Alifika wa kwanza, na sijui ni kwa nini, labda kwa zile siku zote za kuambiwa kausha, kausha, kausha, mkono wake ulikuwa umeshachomoa tambara kambani na magoti yameshapiga chini, na alikuwa akiifuta sakafu. Akaifuta upande huu, akaifuta upande ule. Halafu akalitazama tambara, akakumbuka anachofanya, na kitu kikapasuka ndani yake.

"Hakuteleza!" alipiga kelele. "Hakuteleza, amezimia! Mpelekeni hospitali, mwambieni daktari amezimia! Na mama naye hakuteleza, ni ule ugonjwa, wote tumekaa naye, wote tumeshikana mikono!"

Watu wakamtazama fundi rangi. Fundi rangi akamtazama dada yake. Wifi akasema, kwa upole wa kweli wa mtu anayemhurumia mwenzake, "Msimjali. Amechanganyikiwa. Tangu siku ile hajawa sawa."

Mtoto wa Bi Kicheko, kijana mbeba mizigo wa sokoni, alikuwa ameshamnyanyua mama yake mgongoni. Alisita. Akamtazama Mama Povu pale chini alipopiga magoti, na katika uso wake palikuwa na nafasi ndogo ya kuamini, ilionekana kabisa.

"Kama hakuteleza," aliuliza, "mbona unafuta?"

Mama Povu akalinyanyua tambara juu, akalikunjua kwa mikono miwili ili kila mtu alione. "Tazama. Likamate. Ni kavu."

"Ndiyo," alisema kijana. "Umeshakausha."

Akamsogeza mama yake vizuri mgongoni, akatoka naye mlangoni, na walioandamana naye wakawa wanabishana njiani kuhusu fundi gani wa mifupa aliye karibu zaidi.